DSLR mpya, picha mbaya kuliko za simu: tatizo ni kamera, lenzi au mimi?

Lenzi_Mpya
Wakuu, salaam. Nimeingia kwenye DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha), ile ya ngazi ya kwanza, pamoja na lenzi iliyokuja nayo ya 18-55mm. Betri nimechaji, kadi nimechomeka, gurudumu la juu nimeliweka kwenye alama ya kijani, ile ya otomatiki kabisa. Nikapiga watoto wakicheza sebuleni usiku, kisha nikachukua simu nikapiga palepale. Ya simu iko safi, nyuso zinang'aa. Ya kamera ina ukungu, ina chenga, halafu kila kitu cha njano. Nikaja kujaribu nje kwenye jua. Huko afadhali, lakini rangi za simu bado zinavutia zaidi, na kwenye picha kadhaa uso wa mtu haujatulia ila majani ya nyuma yake unaweza kuyahesabu moja moja.

Inawezekanaje kamera yenye lenzi kubwa hivi ishindwe na simu? Mbovu, au kuna kitu sijawasha? Nawasilisha.

Pikseli255
Toa hiyo kijani. Weka M, ile ya kupanga kwa mkono. Mengine yote yatajipanga yenyewe. Tufunge uzi.

Bi_Shata
@Pikseli255 umeanza mapema leo. Mtu hajui shata inafanya nini, wewe unamtupa kwenye M?

Mleta uzi, kabla watu hawajaanza kupiga ramli: ifungue hiyo picha ya sebuleni kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe cha Info au mshale wa juu mpaka maelezo yatokee. Tuandikie kasi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia), namba ya f (tundu la lenzi, namba ndogo ndiyo tundu kubwa), ISO (kiasi cha kukuza mwanga ulionaswa), na milimita ulizokuwa umevuta. Fanya hivyo pia kwa ile ya nje.

Mpita_Njia
Naweka kambi hapa. Yangu iko kabatini kwa sababu hiyohiyo.

Lenzi_Mpya
Asante dada. Sebuleni: 1/13, f/5.6, ISO 1600, 55mm. Nje: 1/500, f/5.6, ISO 100, 55mm.

Bi_Shata
Ya sebuleni imejieleza. 1/13 maana yake shata ilikaa wazi kwa moja ya kumi na tatu ya sekunde, na mtoto anayecheza hawezi kutulia muda wote huo hata umwombe. Mkono wako nao hautulii. Kanuni ya siku nyingi ya kushika kamera bila tripodi inasema kasi isishuke chini ya moja gawanya kwa milimita za lenzi. Sensa yako, kile kinachonasa mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo zidisha 55 kwa 1.5 (Canon ni 1.6). Ulihitaji kama 1/80 kwa ajili ya mkono wako tu. Watoto wanataka 1/125 na kuendelea.

Tazama pia maandishi ya mbele ya lenzi: 1:3.5-5.6. Ukiwa 18mm, tundu lake linafunguka mpaka f/3.5. Ukivuta mpaka 55mm linagota f/5.6, na hapo umeshapoteza zaidi ya nusu ya mwanga. Usiku ndani ya nyumba rudisha 18mm, usogee mwenyewe.

Mpita_Njia
Ila lenzi zina kile kizuia mtikisiko, VR au IS. Si ndiyo kazi yake?

Bi_Shata
Kinazuia mtikisiko wa mkono wako. Mtoto akikimbia hakina la kumfanya.

Kivuli
Dada kaeleza kwa nini picha ya kamera ni mbaya. Hajaeleza kwa nini ya simu ni nzuri, na ndilo swali lenyewe. Chumba kilekile, mwanga uleule, watoto walewale.

Simu haipigi picha moja. Ukigusa kitufe inachukua fremu kadhaa kwa mfululizo, inazilinganisha, inaziunganisha, inachuja chenga, inainua vivuli na kulainisha nyuso, halafu inakuonyesha jibu. Lenzi zake kuu nyingi ni za karibu f/1.8, hazifungwi wala hazipunguzwi. DSLR inakupa ilichokiona mara moja, na inakuachia kazi ya kumalizia. Kwa hiyo mkuu kamera yako si mbovu. Unalinganisha picha iliyokwisha kutengenezwa na picha ambayo haijaguswa.

Pikseli255
Kumbe simu ni tapeli. Nilikuwa nahisi.

Kivuli
Inapiga hesabu, mzee. Tapeli ni wewe uliyemwambia aweke M.

Tripodi_Miguu_Mitatu
Naona wote mmekimbilia sebuleni, ya nje mmeiacha. 1/500 kwenye jua haina cha mtikisiko. Pale uso hauna ukali na majani yana ukali: hiyo ni fokasi, yaani mahali lenzi inapoweka ukali, haina uhusiano na shata wala simu. Kwenye kijani, kamera ndiyo inayochagua nukta ya fokasi, na huwa inapenda kitu kilicho karibu au chenye mistari inayokatiza vizuri. Nenda modi ya P (kasi na tundu bado otomatiki, mengine unachagua), ingia kwenye eneo la fokasi, chagua nukta moja ya katikati. Iweke kwenye jicho, bonyeza nusu mpaka ilie, ukiwa bado umeshikilia panga picha yako, malizia kubonyeza.

Jicho_la_Tai
@Tripodi_Miguu_Mitatu kama inapenda kitu cha karibu, mbona imeacha uso ikaenda nyuma kwenye majani? Maelezo yako yanajikata mguu.

Tripodi_Miguu_Mitatu
Nimesema "au". Uso kwenye kivuli ni laini, hauna mistari. Majani yaliyopigwa na jua yana kingo kila mahali.

Jua_la_Saa_Tisa
Hapo mnamzungusha bure. Kuna kigurudumu kidogo pembeni ya kidirisha cha kuchungulia, kimeandikwa kujumlisha na kutoa. Ni cha kurekebisha kulingana na macho yako. Kikiwa kimesogea, kila unachokiona ndani ni ukungu na picha zinatoka ukungu. Kizungushe, tatizo kwisha.

Fundi_Bisibisi
@Jua_la_Saa_Tisa nusu kweli. Kigurudumu akizungushe, kabisa, tena aangalie namba na nukta zilizo ndani ya kidirisha mpaka ziwe kali, asiangalie mandhari. Ila hakigusi picha. Fokasi ya otomatiki haitumii jicho lako. Nyuma ya kile kioo kikubwa kuna kioo kidogo kinachopeleka sehemu ya mwanga chini, kwenye sakafu ya kamera, na huko ndiko kuna vihisi vya fokasi. Kigurudumu kingeharibu picha iwapo tu anafokasi kwa mkono huku akitegemea kuona kwake.

Na hapo ndipo ninapoleta dhana nyingine. Njia ya mwanga kwenda kwenye vile vihisi inatakiwa iwe na urefu sawa kabisa na njia ya kwenda kwenye sensa. Ikitofautiana kidogo sana, kamera inalia "tayari" huku fokasi imeangukia nyuma au mbele ya ulipolenga. Majani ya nyuma kuwa makali kuliko uso ni dalili mojawapo. Jaribu hivi: kamera kwenye tripodi au juu ya meza, lenga maandishi ya kwenye boksi, tundu likiwa wazi kabisa. Piga ukichungulia, kisha badili upige kwa skrini ya nyuma, kwa sababu huko kamera nyingi za DSLR zinasoma fokasi kwenye sensa yenyewe. Ya skrini ikiwa kali kila mara na ya kuchungulia ikiwa laini kila mara, mlete mgonjwa kwa fundi. Kamera nyingi za ngazi ya kwanza hazina menyu ya kujirekebishia wewe mwenyewe.

Jicho_la_Tai
Fundi, kwa f/5.6 huo mtelezo ungekuwa mkubwa mno ndio uonekane kwa macho hivyo. Mtu yuko mita mbili, 55mm, f/5.6: eneo lenye ukali ni karibu sentimita 30. Uso mzima unaingia na nafasi inabaki. Mimi nasema mtu alisogea baada ya kamera kulia. Ndivyo fokasi ya mara moja inavyofanya, ikishafunga haifuati. Anayetembea anatakiwa AF-C, fokasi ya kufuata, kwa Canon ni AI Servo.

Fundi_Bisibisi
Kwani amesema alikuwa mita mbili?

Jicho_la_Tai
Kwani amesema alikuwa kumi?

Bi_Shata
Mleta uzi alikuwa umbali gani? Na mtu alikuwa amesimama?

Lenzi_Mpya
Kama hatua nne hivi. Alikuwa anakuja kwangu anacheka.

Jicho_la_Tai
Sina la kuongeza.

Fundi_Bisibisi
Mimi ninalo. Picha "kadhaa" alisema, si moja. Afanye jaribio la boksi kwanza.

Mzee_wa_Negativu
Vijana, mnamtisha mgeni. Enzi za filamu hatukuwa na skrini wala kulia kwa fokasi na watu walionekana. Jua kali: weka f/16, kasi iwe moja gawanya kwa ISO. ISO 100 unapiga 1/100 au 1/125, huhitaji kipimo chochote. Kutoka hapo unahesabu hatua: ukifungua f/11 unaongeza kasi mara mbili, f/8 mara mbili tena. Akili ikishazoea huo mwendo, M na A na P zote ni gurudumu moja.

Pikseli255
Mzee shikamoo. Kwa hiyo unaunga mkono M.

Mzee_wa_Negativu
Marahaba. Naunga mkono kujua. Mimi mwenyewe natumia A muda mwingi, nachagua tundu, kasi inajitafutia.

Pikseli255
Halafu enzi za filamu zilikwisha Nikon walipoleta D1 mwaka 1999, DSLR ya kwanza duniani. Kuanzia hapo sheria ni nyingine.

Mzee_wa_Negativu
Ya kwanza? Kodak walitoa DCS mwaka 1991, ndani ya bodi ya Nikon F3. Megapikseli 1.3, na mpigaji alitembea na sanduku la kuhifadhia picha begani, lenye diski ya megabaiti 200. D1 ilikuwa megapikseli 2.7. Ilibadili mambo kwa sababu Nikon waliibuni wao wenyewe, lakini ya kwanza haikuwa.

Kivuli
Megapikseli 1.3 na mzigo begani. Mleta uzi umeona, wewe una raha.

Mpita_Njia
Turudini. Nani kajibu ya rangi ya njano? Hata yangu iko hivyo.

Bi_Shata
Mizani ya weupe. Taa za manjano za ndani ziko kama kelvini 2,700 hadi 3,200, mchana ni karibu 5,500. Otomatiki ya kamera nyingi huacha joto kidogo makusudi, simu inafuta zaidi. Chagua alama ya balbu, utaona tofauti palepale. Au piga RAW, faili ghafi kutoka kwenye sensa, uamue baadaye.

Mpita_Njia
Mimi nikipiga mfululizo, moja inatoka ya njano, inayofuata iko sawa, ya tatu nusu nusu. Mizani haijaguswa.

Kivuli
Hiyo ni taa. Umeme wa hertzi 50 unafanya baadhi ya taa ziwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Ukipiga 1/500 unaiba kipande kimoja cha huo mzunguko, mara chenye mwanga, mara kilichofifia. Shuka 1/100 au 1/50, zitalingana. Umeme ukiwa wa hertzi 60, tumia 1/60 au 1/120.

Jua_la_Saa_Tisa
RAW kwa mtu wa wiki ya kwanza? Atajaza kadi na mafaili asiyoweza hata kuyatuma kwa mtu. JPEG inatosha, apandishe rangi kwenye mtindo wa picha, kuna Vivid, kuna Landscape. Malalamiko ya "simu ina rangi zaidi" yameishia hapo.

Bi_Shata
Weka RAW na JPEG pamoja. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Picha ya giza ukiivuta kwenye JPEG inavunjika, kwenye RAW kuna cha kuvuta.

Jua_la_Saa_Tisa
Cha kuvuta kwa programu gani, na nani kamfundisha? Nasimama na JPEG.

Pikseli255
Na ISO jamani. Kashikilia 1600, ndio maana chenga. ISO inaongeza usikivu wa sensa, ukiizidisha sensa inapagawa. Asivuke 400.

Fundi_Bisibisi
Sensa haipagawi na usikivu wake haubadiliki. ISO inakuza ishara baada ya mwanga kuwa umeshanaswa. Chenga nyingi zinatokana na mwanga wenyewe kuwa mchache. Ukimfungia 400 kwenye chumba kile, kamera itashuka mpaka 1/3 hivi na watoto watageuka moshi.

Tripodi_Miguu_Mitatu
Chenga zinafutika, mtikisiko haufutiki. Ila Pikseli ana haki kidogo: kwa sensa za zamani, 1600 ilikuwa shida kweli. Kamera ya mwaka gani, mleta uzi hajasema.

Lenzi_Mpya
Nimerudi. Nimeweka S (nachagua kasi, tundu linajitafutia), 1/125, ISO otomatiki na ukomo 6400, lenzi 18mm, nikasogea. Ikapiga f/3.5 na ISO 6400. Chenga zipo, tena zaidi, lakini nyuso sasa zina macho. Nikiitazama yote kwenye kompyuta bila kuikuza inapendeza kuliko ya simu, nikiikuza simu inaonekana laini zaidi. Mke wangu bado anachagua ya simu.

Kivuli
Mke ana haki, nilishasema simu ilimaliza kazi.

Mpita_Njia
Lenzi gani ingemwondoa hapo? Mimi pia nasikilizia.

Jicho_la_Tai
50mm f/1.8. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni mwanga karibu mara kumi. Ile 1/13 yake inakuwa karibu 1/125 bila kugusa ISO 1600. Ukiifunga kwenye kamera yake inakuwa lenzi ya 75mm, safi kwa sura za watu.

Fundi_Bisibisi
Haiwi 75mm. Inabaki 50mm, sensa ndogo inakata kingo tu, unaona upana ambao 75mm ingeonyesha kwenye fremu kamili, ile ya 36 kwa 24. Na kabla hajaagiza: kama bodi yake ni Nikon ya familia za D3000 au D5000, ndani haina mota ya fokasi. Achukue yenye maandishi AF-S. Ile AF-D ya zamani itafunga vizuri ila atazungusha fokasi kwa mkono. Canon za EF zina mota ndani ya lenzi tangu 1987, hapo hana wasiwasi.

Tripodi_Miguu_Mitatu
Na akifungua f/1.8 mita mbili, ule ukali wa sentimita 30 unabaki kama 11. Aliyekosa uso kwa f/5.6 atakosa hata pua. Sebuleni 35mm ingemfaa zaidi, 50 inabana, atapiga migongo ya viti.

Jua_la_Saa_Tisa
Mnaona? Mtu kaja na kamera, tunamwondoa na orodha ya manunuzi. Flashi iliyo juu ya kamera kaitumia?

Bi_Shata
Flashi ya kichwani ikipiga usoni moja kwa moja inaleta mng'ao kama wa jasho na kivuli kikali ukutani. Ya nje, unaielekeza darini, hapo sawa.

Jua_la_Saa_Tisa
Nayo ni manunuzi dada.

Pikseli255
Kwani kwa nini hakununua isiyo na kioo? DSLR zimekufa. Canon na Nikon za mwisho zenye kioo ni za 2020, tangu hapo kimya.

Mzee_wa_Negativu
Lenzi za Nikon F zilianza 1959, na kama kamera ya kijana huyu ni Nikon, nyingi zinafunga hapo hadi leo. Mfu gani huyo?

Fundi_Bisibisi
Wafu hao wanajaza meza yangu, na wengi wanaondoka wakitembea.

Lenzi_Mpya
Nimefanya jaribio la boksi. Tano kwa kuchungulia, tano kwa skrini. Za skrini zote ni kali. Za kuchungulia tatu kali, mbili laini.

Fundi_Bisibisi
Dalili ninazo.

Jicho_la_Tai
Tatu kali? Mtelezo wa kamera ungekuwa upande mmoja kila mara, wewe mwenyewe uliandika "kila mara". Mbili kati ya tano ni vihisi kubahatisha kwenye mwanga hafifu. Arudie karibu na dirisha, mchana.

Fundi_Bisibisi
Arudie, na nukta iwe ya katikati, ndiyo makini kuliko zote. Azime VR akiwa kwenye tripodi. Na kati ya picha na picha avuruge fokasi kwa mkono kwanza ili kamera itafute upya, maana hizo kali tatu inawezekana haikusogea hata kidogo.

Lenzi_Mpya
Sawa mafundi, mchana nitarudia. Halafu nimegundua kingine wakati nakuza: kwenye picha za anga kuna doa la kijivu juu kulia, palepale kila picha. Nimefuta lenzi, liko.

Tripodi_Miguu_Mitatu
Palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa, lenzi haihusiki. Piga ukuta mweupe kwa f/22 bila kufokasi uone yako mangapi.

Kivuli
Likionekana juu kulia kwenye picha, ukichungulia kwa mbele ndani ya kamera litafute chini. Picha inaangukia kwenye sensa ikiwa imepinduka.

Jua_la_Saa_Tisa
Puliza tu kwa mdomo, linatoka.

Fundi_Bisibisi
@Jua_la_Saa_Tisa mate yakitua pale, doa moja linakuwa kumi. Mleta uzi, ingia kwenye menyu uwashe usafishaji wa sensa kama upo, kamera iitikise kwanza. Likigoma, betri iwe imejaa, chagua kuinua kioo kwa ajili ya kusafisha, inamisha kamera mdomo uangalie chini, puliza kwa pampu ya mpira ya kubonyeza kwa mkono. Usitumie kopo la hewa ya kushindiliwa, linatema kimiminika. Usipitishe pamba ya masikio. Na usipige f/22 kila siku kutafuta madoa, utayapata tu.

Lenzi_Mpya
Nimepiga ukuta. Yako saba.